Tonge la Askale

Barabara ya bandari ya Assab niliiendeshea lori miaka kumi na tisa, na niliila yote, mwanzo mpaka mwisho. Debre Sina, juu kule kwenye ukungu, nilianza na shayiri ya kukaanga, kofia nzima, natafuna huku nateremka kona na breki zinalia. Kombolcha kulikuwa na mwenye mkahawa ambaye akisikia honi yangu tu anabandika kikaango cha nyama na pilipili mbichi, haniulizi kitu. Mille nilikula mbuzi na maziwa ya ngamia. Nikifika Assab kwenyewe, kabla hata sijapanga foleni bandarini, nilikuwa nimeshaketi kwa Myemeni mmoja aliyempasua samaki katikati, akambandika ukutani mwa tanuri la udongo, akakuletea na mkate mpana kama mlango. Wenzangu waliniita Trela. Walisema Beyene anatangulia yeye, trela lake linafuata nyuma, na mimi nilicheka nao, kwa sababu siku zile kilo zangu nilizibeba kwa raha.

Sasa Assab iko nchi nyingine, na madereva wa leo hata njia yake hawaijui. Mimi nipo Adama, kwenye nyumba yenye baraza na mpapai mmoja, mzee wa miaka sitini na tatu mwenye pete ya mpira tumboni. Habari ya hiyo pete nitaisema, lakini nianze na Askale, maana bila yeye hakuna cha kusimulia.

Askale ni mke wangu. Nilimpata Bati, mji wa soko, pale barabara inapoanza kuteremkia jangwani. Shangazi yake alikuwa na mkahawa wa madereva. Niliingia siku ya Jumatatu, soko limefurika, nikaagiza sinia la watu watatu, nikajibanza nalo kwenye kona peke yangu. Kwetu hiyo ni aibu. Sinia huwa moja na mikono mingi, na anayekupenda anachana injera, mkate wetu mpana na laini wa chachu, anachota mchuzi, anakunja tonge kwa mkono wake, anakutia mdomoni. Tunaliita gursha. Kulikataa ni kumkataa mtu mwenyewe, na likiwa dogo watu wanakuona bahili.

Basi Askale, wakati huo ana miaka ishirini na mikono imejaa unga, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mwanamume mzima, unakula peke yako kama umefiwa na ukoo mzima?"

Akakaa bila kukaribishwa. Akachana kipande cha injera kikubwa kama nusu ya kitambaa, akachota mchuzi wa kuku, akaongeza yai zima la kuchemsha, akakunja, akanisukumia. Mashavu yalinijaa mpaka masikio yakasogea. Madereva waligonga meza. Machozi yalinitoka, kwa sababu pilipili ya Bati haina huruma, na nilipomaliza kumeza nilikuwa nimeshaamua kuoa.

Miaka thelathini na moja tulikula sinia moja. Nikiwa safarini aliniwekea chakula kikae kwenye mesob, kile kikapu chetu cha kulia, na nikirudi hata kama jua limeshapanda alikuwa hajala, ananingoja. Tukigombana tulinuniana huku tunakula. Mkono wake ulikuja mdomoni mwangu kama kawaida, ila uso ameugeuzia ukutani. Nakumbuka siku moja alinilisha tonge huku ananiambia mimi ni mjinga wa kwanza Ethiopia nzima, na tonge lenyewe lilikuwa na kipande cha ini, akijua ini ndiyo roho yangu.

Kisha mwili ukagoma. Magoti kwanza, halafu sukari, halafu usingizi. Nilikuwa nikilala nasahau kuvuta pumzi, na Askale akawa anakaa macho kunitikisa. Leseni yangu haikuandikwa upya. Binti yetu Mahder, aliyeolewa Kanada, alipoona picha yangu kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani alilia kwenye simu. Yeye ndiye aliyenitafutia daktari wa Addis Ababa, na daktari akanieleza bila kuzunguka kwamba ataufunga mpira juu ya tumbo langu, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia, pabaki nafasi ya chakula kiasi cha yai. Chini ya ngozi ataweka kitundu cha kuchoma sindano. Akitia maji pete inakaza, akiyatoa inalegea.

Nikamuuliza yai la kuku au la mbuni. Hakucheka.

Wiki za kwanza zilikuwa za maji ya supu na uji mwembamba, na hizo nilizivumilia kama askari. Shida ilianza niliporuhusiwa vyakula vya kawaida. Mara ya kwanza kujaribu injera, kipande cha ukubwa wa kiganja, ilikwama. Injera ni chachu na matundu matupu, ukiimeza kwa haraka inavimba palepale ilipo. Kifua kilibana, mate yakajaa mdomoni, nikasimama kwenye beseni nusu saa. Kuanzia siku hiyo nikaogopa. Mimi niliyeteremka Debre Sina bila breki mwaka ule wa mafuriko, nikaogopa mkate. Nikajichagulia vitu vinavyoteleza: shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, uji wa shayiri na asali, na kitu kingine ambacho sikumwambia daktari. Nilikula kwenye kisahani changu, kwa kijiko cha mtoto ambacho Mahder alikiacha kabatini tangu utoto wake. Askale alibaki na sinia.

Mwezi wa nne baada ya pete tulikwenda kliniki pamoja. Anayeshughulika na chakula pale ni Sista Bezawit, msichana mwembamba ambaye mimi nadhani chakula anakijua kwa kukisoma. Alinipima, akakunja uso. Kilo kumi na moja zilikuwa zimepungua, halafu tatu zimerudi. Fizi zilikuwa zinatoka damu, na nywele zilizobaki nilikuwa naziacha kwenye mto kila asubuhi.

Akaniuliza nakula nini. Nikasema shiro. Akauliza na nini tena. Nikasema uji wa shayiri. Akauliza na nini tena. Nikatazama dirisha.

"Aisikrimu," Askale akasema. "Anajificha nayo bafuni."

Sista Bezawit alinipa vidonge vyangu vya maneno siku ile. Alisema pete haikuwekwa ili niishi kama mtoto wa miezi sita. Alisema mwili wangu una njaa ya vitu ishirini na mimi naupa vitatu, na hivyo vitatu vinateleza tu, havinishibishi, ndiyo maana nakula kutwa nzima. Akaandika karatasi: yai, samaki, kuku aliyelainika, dengu na kunde za kila aina, jibini letu jeupe, sukuma iliyokatwa ndogo, boga, karoti, bitiruti, parachichi, papai. Nyama na kunde zitangulie, mboga zifuate, wanga uje mwisho, na injera iwe imekaushwa kwanza. Kila donge liwe dogo kama punje ya njegere, lakini naruhusiwa kula kila kitu ambacho babu yangu alikula. Nitafune mara ishirini na tano. Nisinywe maji nikila. Nisifanye haraka.

Askale alikunja ile karatasi akaitia kifuani. Njiani nilimwona ana furaha, maana kwa miezi minne alikuwa hana la kufanya jikoni kwake, na sasa alikuwa amepewa kazi.

Alinunua visufuria vidogo, vya ukubwa wa vikombe. Alisaga dengu nyekundu mpaka zikawa laini kama krimu. Aliponda boga na tangawizi. Alikwenda soko la alfajiri kununua samaki wa ziwa la Koka, akamchambua miba kwa vidole, ubavu baada ya ubavu, miwani imeshukia puani. Nyumba ilinukia kama enzi zetu. Vikombe sita viliwekwa mbele yangu, kila kimoja na rangi yake, na mimi, jitu zima, nilivitazama kama vimetegwa. Nilionja viwili kwa ncha ya kijiko, nikasema vizuri, nikaomba shiro. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu alileta vikombe vitatu. Wiki iliyofuata alileta shiro bila kuulizwa.

Hayo ni makosa yangu na nayakiri. Nilidhani naogopa kwa niaba ya tumbo langu tu. Sikujua kuna mtu mwingine ananyimwa chakula hapo mezani.

Ikaja Kwaresima, siku hamsini na tano bila nyama wala maziwa wala yai, na mimi sikufunga kwa amri ya daktari, ila nilikaa na shiro yangu kana kwamba nimefunga. Kisha Pasaka. Nyie msiojua Pasaka yetu, jueni tu kwamba mchuzi wa kuku unapikwa kutwa nzima, vitunguu vinakaangwa bila mafuta mpaka viyeyuke, na kuku anakatwa vipande kumi na viwili, kila kipande kina mwenyewe. Harufu yake mtu hulala nayo na kuamka nayo. Asubuhi ile tulirudi kutoka kanisani na jua limechomoza, tumevaa nguo nyeupe, manyasi mabichi yametandazwa sakafuni. Askale akafungua mesob. Uso wake uling'aa. Kwa dakika ile hakuwa mke wa mgonjwa, alikuwa yule msichana wa Bati, na mimi nilikuwa Trela.

Akachana injera. Akachota mchuzi, akaweka kipande cha yai na jibini juu yake, akakunja. Aliligandamiza lile tonge liwe dogo, nilimwona akilipunguza mara mbili. Hata hivyo lilikuwa gursha ya Pasaka, na gursha ya Pasaka haiwezi kuwa punje ya njegere. Mkono ulinyooka. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kulipokea kwa vidole nikalila kidogokidogo mpaka saa sita mchana. Lakini nilimtazama machoni, nikafungua mdomo, nikatafuna mara sita au saba kwa raha isiyosemeka, nikameza.

Lilikwama pale pale. Sitawaeleza yote. Saa mbili nzima nilikuwa nimeinamia beseni, mate yanatoka kama kamba, siwezi kumeza hata maji, kifua kama kimekaliwa na mtu. Jirani alitutia garini akatukimbiza Addis Ababa, mwendo wa saa nzima na zaidi, na mimi niliyebeba mizigo ya watu maisha yangu yote nikalazwa kiti cha nyuma kama gunia. Askale alinishikia beseni. Alikuwa bado amevaa nguo ya Pasaka na mchuzi umekaukia vidoleni mwake. Daktari alichoma sindano, akatoa maji, pete ikalegea, na tonge likashuka lenyewe. Akasema hakuna kilichoharibika. Akasema mengine kuhusu wazee wasiosikia, nayo alikuwa na haki ya kuyasema.

Mimi nilipona siku ileile. Askale hakupona.

Tangu Pasaka hakuniletea mkono mdomoni tena. Na mezani pia akawa hakai. Aliniletea kisahani, akakiweka, akarudi jikoni. Nikimwita, anasema, "Kula tu, mimi nimeshakula." Ibada ya kahawa, vikombe vitatu vya mchana, ikawa kimoja, halafu ikawa siku za Jumapili. Alizoea kuoka injera kila baada ya siku tatu. Sasa nilisikia tanuri lake mara moja kwa wiki, na mwezi wa Julai nilifunua kikapu nikakuta injera imeota ukungu. Miaka thelathini na moja, hicho kitu sikuwahi kukiona ndani ya nyumba yangu. Niliitupa kimyakimya kwa kuku wa jirani, na kama mjinga nikaona mambo yameishia hapo.

Mwanzoni mwa Agosti ilikuwa zamu yangu ya kliniki, Askale akanisindikiza. Nilikuwa na kilo zilezile, wala sikushuka wala sikupanda. Sista Bezawit alikuwa anaandika, mara akainua kichwa akamtazama Askale aliyeketi kwenye kiti cha ukutani. Akamtazama muda mrefu. Akamwambia, mama, njoo nawe upande mzani, ni dakika moja tu. Askale akakataa, sista akamshika mkono kwa upole, akapanda. Kwenye faili yangu kulikuwa na kilo zake pia, maana siku ya kwanza tulipimwa wote wawili kwa mzaha.

Zilikuwa zimepungua kumi na nne.

"Kati yenu wawili," sista akasema, "nani nimwandikie kwamba amefungwa pete?"

Nilianza kucheka, halafu nikaona hatanii. Akamuuliza Askale anakula saa ngapi. Askale akasema anakula. Akamuuliza anakula na nani, naye akaanza kukunja ncha ya shali yake. Sista akanigeukia mimi, akaniuliza mke wangu jana alikula nini. Wanaume wenzangu, niulizeni juzi lori gani lilipita njia ya Awash limebeba nini, nitawaambia. Jana mke wangu alikula nini, sikujua. Wala juzi. Wala mwezi mzima uliopita.

Vipimo vya damu vilionyesha hana ugonjwa. Kukosa chakula tu, sista akasema.

Njiani ndani ya gari Askale aliniambia jambo ambalo naona alikuwa ameshalibeba muda mrefu. Alisema mfungo wa Mariamu ukiisha atakwenda Bati kwa dada yake Zenebech. Dada ana watoto na wajukuu kumi na mmoja, sinia lake linajaa watu. Alisema hivyo bila hasira, anatazama nje. Nikamuuliza anakwenda kwa siku ngapi. Akasema nguo zake zote zitatosha kwenye sanduku moja.

"Sina wa kumpikia hapa, Baba Mahder. Wewe uko salama na uji wako. Mimi nikikaa nitakuua."

Nilitaka kusema maneno mengi, yakakwama, na safari hii haikuwa pete.

Mfungo wa Mariamu ni siku kumi na tano, na ulikuwa unaanza kesho yake. Basi nilikuwa na siku kumi na tano. Niliwaza kiume: kama tatizo ni kwamba mimi sili, basi nitakula, na Askale atakaa. Niliitafuta ile karatasi ya sista, nikaikuta bado kwenye droo yake ya vitambaa, imekunjwa mara nne. Siku ya kwanza nikamwomba dengu nyekundu. Akapika. Nikachukua donge dogo kama punje ya njegere, nikatafuna, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano. Likashuka. Nikangoja. Halikukwama. Nikapaza sauti jikoni, "Mama Mahder, dengu imepita!"

"Vizuri," akasema.

Kesho yake bitiruti, mkojo ukawa mwekundu nikadhani nakufa. Kesho kutwa sukuma iliyokatwakatwa. Boga, kunde, mbegu za kitani zilizosagwa, parachichi. Na niwaambie kitu cha ajabu, kutafuna mara ishirini na tano kunarudisha ladha ambazo mimi nilikuwa nazipita kwa mwendo kasi. Dengu ya Askale ina kitunguu saumu kinachokuja mwishoni kabisa. Miaka thelathini na moja nilikuwa nakimeza kabla hakijafika. Nilikaa na kisahani changu nikawa nakumbuka meza baada ya meza, nyumba yetu ya kwanza Kombolcha yenye bati linalovuja, Askale mjamzito anakula udongo wa ukutani kwa siri, Mahder wa miaka miwili amekaa katikati ya sinia lenyewe na mikono yote miwili ndani ya mchuzi, sisi tunamcheka. Nililia kidogo, naikubali. Hakuna aliyeona.

Siku ya kumi nilikuwa nakula vitu tisa na fizi zimeacha kutoka damu. Siku hiyohiyo nilimwona Askale analishusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa najishibisha mwenyewe, naye ananitazama kutoka mlangoni. Nilikuwa nimepona peke yangu kwenye kisahani changu.

Siku mfungo ulipoisha, basi lake lilikuwa la kesho yake asubuhi. Alikwenda kanisani mapema. Mimi nikaingia jikoni, mahali ambapo kwa desturi za kwetu mwanamume haingii, na haki ya Mungu nilijua kwa nini. Niliunguza kitunguu cha kwanza. Nikaunguza cha pili. Nilimchemsha samaki wa Koka nikamchambua, na kama niliacha miba Mungu anisamehe. Nilichemsha mayai. Nilikuwa na jibini la dukani, dengu iliyobaki jana, sukuma, boga. Injera niliinunua kwa jirani. Nikalitoa sinia kubwa, lile lililokaa juu ya kabati tangu Pasaka, nikalifuta vumbi, nikatandaza injera nzima, nikaweka kila kitu juu yake kwa vilima vidogovidogo. Halikuwa la kupendeza. Samaki alimwagikia boga.

Askale aliporudi alisimama mlangoni na shali yake nyeupe, akatazama sinia, akatazama moshi, akanitazama mimi na kidole changu kilichoungua.

"Umefanya nini jikoni kwangu?"

"Kaa tule."

"Nimeshakula."

"Askale, umetoka kanisani. Umekula wapi, kwenye madhabahu?"

Akakaa, lakini kwenye ukingo wa kiti, kama mgeni aliyekuja kuleta taarifa. Mikono yake aliificha chini ya shali. Nikanawa yangu. Nikachukua donge langu la samaki, nikatafuna mara zangu ishirini na tano mbele yake, likapita. Nikala yai, likapita. Yeye hakunyoosha mkono. Nikamwambia tafadhali. Akatikisa kichwa.

"Mkono huu ulitaka kukuua siku ya Pasaka," akasema. "Sitaki kuutia kwenye sinia lako tena. Ninapoutia namwona yule mtu ameinamia beseni. Chakula kinanigomea kooni."

Hapo nilimjua mke wangu upya. Yeye naye alikuwa na kitu kinachombana kooni, na hakuna daktari aliyekifunga. Miaka thelathini na moja nilikuwa nafungua mdomo kama kinda, mkono wake unakuja. Nilijaribu kukumbuka mara ambazo mkono wangu ulikwenda kwake. Harusini, ndiyo. Mahder alipozaliwa. Sikukuu mbili tatu. Hazikuzidi vidole vya mkono mmoja, na aibu ilinishika kwelikweli.

"Mama Mahder," nikasema, "daktari alifunga tumbo langu. Mkono hakuufunga."

Nikachana injera, kipande kizuri, kikubwa kama vile alivyokuwa akichana yeye. Nikachota samaki na dengu. Nikaweka nusu ya yai, nikaongeza sukuma, nikaongeza jibini. Vidole vyangu vya usukani havijui kukunja, lilikuwa linamwagika huku na huku, nikaligandamiza, nikalinyoosha kwake. Alilitazama. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Mkono wangu ulichoka, nikaushikilia kwa mkono mwingine, sikuurudisha.

Akafungua mdomo. Likaingia lote, mashavu yakajaa, mchuzi ukamshukia kidevuni. Alitafuna taratibu, analia, anatafuna. Alipomeza alifumba macho, na nilidhani sasa atasimama aende kwenye sanduku lake.

"Hakuna chumvi hata kidogo," akasema.

"Nimesahau."

"Na samaki ana miba."

"Najua."

Akajifuta kidevu kwa ncha ya shali, akasogea kutoka ukingoni mwa kiti mpaka katikati. Sasa, nilikuwa nimeanza kuchana injera ya tonge la pili, bado natafuta dengu, sijakunja chochote. Nikainua macho nikamkuta Askale ameshafungua mdomo, anangoja.